Mkono wako, mkono wa mtu au kudra: likikufika jambo uanze na lipi

Likimfika mtu jambo huku kwetu, kaa barazani usikilize tu, hutosikia zaidi ya kauli tatu. Kuna "nimejitakia mwenyewe", kuna "wamenifanyia", na kuna "ndo ilivyoandikwa". Biashara ikifa, mtoto akifeli, mume akiondoka, ni hizo hizo tatu zinazunguka, Unguja na Pemba sawa sawa. Wengi wanaona ni maneno ya kujiliwaza tu, mie sioni hivo kabisa, mana kauli utakayolala nayo leo ndo inayoamua kesho asubuhi utaamka ufanye nini. Anayesema kajitakia ataamka arekebishe, anayesema kafanyiwa ataamka amtafute mtu, na anayesema imeandikwa ama atakaa asubiri, ama atashusha pumzi aendelee na maisha yake, na hayo mawili sio kitu kimoja, ntarudi hapo.

Watu wa saikolojia wamelihangaikia hili zamani. Julian Rotter, Mmarekani, mwaka 1966 alitoa kipimo chake chenye jozi 29 za sentensi, kila jozi unachagua moja, hii inasema mambo yangu nayaendesha mwenyewe, ile inasema ni bahati, au majaaliwa, au wakubwa (6 kati ya hizo ziliwekwa za kupoteza maboya tu, hazihesabiwi). Akawa anawapanga watu hivo, huyu anaangalia ndani, huyu anaangalia nje. Miaka ya mwanzo ya 1970 akaja Hanna Levenson akasema huko nje mmechanganya vitu viwili, kuna watu wenye nguvu na kuna bahati, na anayeamini bosi ndo kashika mambo yake hafanani na anayeamini hakuna aliyeshika kitu. Kwa sisi mgao wake ndo unaotufaa, tena sana, mana wa bosi ana mlango wa kwenda kugonga, wa bahati hana hata pa kuanzia.

Sasa tuzilinganishe kwa mambo yetu wenyewe.

Mwani

Nimeanza na mwani kwa sababu hapo zote tatu unaziona siku moja, maji yakiwa yametoka. Kilimo cha biashara kilianza 1989 pwani ya mashariki ya Unguja na hadi leo wanaolima ni wanawake kwa wingi. Bamvua likifika, yale maji makubwa yanayokupwa mbali, wanashuka wote, Paje, Bwejuu, Jambiani, vigingi vimekitwa mchangani, kamba imevutwa baina ya kigingi na kigingi, na kila shada la mwani limefungwa kwenye kamba kwa kikamba chake kidogo, kazi ya kuinama masaa kwa masaa jua la utosi na maji ya chumvi magotini. Mwani wenyewe aina mbili, kuna spinosamu, ule mwembamba wa bei ya chini, na kuna kotonii, ule mnene wenye bei ya maana. Na kotonii ndo uliokuja kuwafia watu. Unashuka unakuta matawi yamepauka meupe, ukishika yanakatikia mkononi, bamvua la pili unakuta kamba tupu.

Chukua wanawake watatu wenye viwanja vimepakana na wote kimewakuta hicho. Wa kwanza anasema mie sikufunga vizuri, nilichelewa kushuka, kosa langu. Akirudi anafunga kwa umakini zaidi, kamba nyingi zaidi, pale pale, na mwani unakufa tena pale pale, sasa kapoteza na nguvu na mbegu na juu yake anajiona mzembe. Wa pili anasema kuna mtu kanitupia jicho, haiwezekani vyangu vife na vya yule visimame, akirudi hasemi na jirani yake tena na pesa kidogo iliyobaki inakwenda kwa mganga. Wa tatu anasema Mungu katunyima mwaka huu, anaviringisha kamba zake anakaa nyumbani.

Wote watatu ni wakweli wa nia, na wote watatu wamekosea pa kuangalia. Maji ya kina kifupi yamekuwa ya moto kuliko zamani na kotonii haustahamili joto lile, unadhoofika, maradhi yanauvaa. Hilo halikufanywa na jirani, wala halikuletwa na fundo la kamba. Kwa hivo kuna sehemu ni ya nje kweli kweli, hakuna mwanamke wa Jambiani atakayeipoza Bahari ya Hindi. Lakini kuna sehemu sio ya nje, mana kwenye maji marefu joto ni dogo na mwani unaweza kusimama, tatizo huko kunataka chombo na kunataka kuogelea, na wengi wa mama zetu hawa bahari wanaijua tangu utotoni lakini kuogelea hawakufunzwa. Mmoja mmoja hawezi. Kumi wakichanga ngarawa wakajifunza pamoja, wanaweza.

Hapa ndo ninapotaka mtu apaone. Ukimuuliza mama yule "unaweza au huwezi?" jibu la kweli ni siwezi, na ukimuuliza "nyinyi mnaweza?" jibu linageuka. Kipimo cha Rotter kinamuuliza mtu mmoja mmoja, na sisi wenyewe kwa wenyewe tunaulizana hivo hivo, halafu tunashangaa watu wanakata tamaa.

Na bei je? Hapo mambo ya bahari yameisha, kuna mtu na mzani. Mkulima akisema "bei ya mwani ndo riziki yangu ilivyo" kampa Mungu jambo la mnunuzi. Akisema "labda sikuukausha vizuri" wakati kaukausha vizuri na majirani zake wote wamelipwa hivo hivo, kajibebesha lisilokuwa lake. Bei ni ya kauli ya pili, wamenifanyia, na kwa mara moja ndo yenyewe khasa, ila iende pale inapostahiki, kwenye kikao na mnunuzi mkiwa wengi, sio kwa jirani.

Mtihani

Hapa sitokaa sana. Matokeo ya fomfoo yakitoka mbaya, mtoto anasema masuala yalitoka magumu, baba anasema huyu mvivu, bibi anasema bahati yake haijafika. Kati ya hizo ya baba ndo yenye faida kubwa, kwa sharti moja, aseme "hukusoma" na asiseme "huna akili". Zote mbili zinamuangalia mtoto mwenyewe, lakini kusoma kunabadilika na akili mtoto anaiona ni kitu kilichokwisha gaiwa, kwa hivo ukimwambia hana akili umemwambia imeandikwa kwa lugha nyengine. Halafu kabla hujamwambia lolote nenda skuli yake uulize mwalimu wa hesabu yupo au hayupo. Kuna watoto wamepita miaka miwili bila ya mwalimu wa somo, halafu tunawaambia wajitahidi.

Bahari, meli na neno kudra

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Hakuna kijiji Pemba hakikuguswa. Neno lililojaa midomoni siku zile lilikuwa kudra, na kwa mfiwa ni neno la haki, sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini meli ile ilikuwa ya watu mia sita na kitu na tume ya serikali ikaja kusema walipakiwa zaidi ya 2,000. Kuna mtu aliuza tiketi ya abiria wa mia saba, na wa elfu moja, na bado akaendelea. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, ikazama MV Skagit karibu na Chumbe, na siku ile upepo ulikuwepo kweli na mawimbi yalikuwepo kweli, utasema hii sasa ndo ya Mungu peke yake, lakini chombo chenyewe kilijengwa kwa maji tulivu ya Puget Sound huko Marekani, kikaletwa kupasua mkondo wetu wakati wa kusi.

Linganisha kauli mbili zitamkwe na afisa wa bandari. Akisema "ajali ni kudra", kesho meli itapakia vile vile. Akisema "nilikuwa na uwezo wa kuizuia isiondoke", kesho atahesabu vichwa. Neno lile lile ambalo kwa mfiwa ni dawa, kwa aliyekuwa na kalamu mkononi ni pa kujificha. Kwa hivo usiulize tu kauli ipi ni sahihi, uliza inasemwa na nani, na huyo alikuwa wapi jambo linapotendeka.

Najua kuna watakaosema hapa unagusa imani. Basi tuirudie imani yenyewe. Sayyidna Umar, khalifa wa pili, alikuwa anakwenda Sham, alipofika mahali panaitwa Sargh akaambiwa huko mbele kuna tauni. Akashauriana na watu, akaamua arudi. Abu Ubayda, sahaba mwenzake, akamuuliza, unakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akamjibu ndio, tunaikimbia kadari ya Mungu tunaiendea kadari ya Mungu. Akamuuliza na yeye, ungekuwa na ngamia ukateremka bonde lenye pande mbili, moja ina majani na moja kavu, ukichunga kwenye majani si kwa kadari ya Mungu, na ukichunga kwenye ukavu si kwa kadari ya Mungu? Yaani kote ni kadari, na bado mchungaji ndo anayewapeleka ngamia. Mtu aliyesimama na hadithi hii hana haja ya kuchagua baina ya imani yake na mkono wake, na mie nasikitika sana tunavyowafunza watoto nusu ya mwanzo, ile ya kukubali, tukaiacha nusu ya kuligeuza kundi.

Na tumeshaona wenyewe. Zamani homa ya malaria huku visiwani ilikuwa kama sehemu ya maisha, mtoto akipata homa unajua tu, na akifa unasema siku zake zimefika. Mwaka 2003 zikaja dawa za mseto, baadae vyandarua kwa wingi, 2006 ikaanza kupigwa dawa majumbani, na miaka michache tu mbele wodi zikawa tupu kwa maradhi yale. Kadari haikubadilishwa na mtu, tulilichunga bonde jengine.

Msiba: hapa kudra inashinda, na ishinde

Mama kafiwa na kichanga. Usiku halali, anahesabu. Ningelitoka asubuhi badala ya jioni. Ningelipanda gari ya mwanzo. Ningelisikia pale alipoacha kunyonya. Kila "ningeli" ni mkono wake anauangalia, na huyo kwa kipimo cha Rotter angepata alama nzuri za mtu wa ndani, na hizo alama zinamla. Mambo aliyokuwa hayajui siku ya Jumanne anajihukumu nayo kwa sababu kayajua Ijumaa.

Wazee wetu wanawake wanavyokuja wakakaa naye mkekani, mmoja kamshika mkono, wakamwambia mwanangu umri wake ulikuwa huo, wanafanya kazi kubwa ambayo hakuna ushauri wa kitaalamu unaoipita. Wanamtua mzigo. Hapo usije na habari ya uwajibikaji, usije na "lakini mngewahi". Kilichokwisha pita hakina mkono wa mtu tena juu yake, ndo mana kudra inakaa vizuri nyuma yetu na inakaa vibaya mbele yetu. Na kama kituo kilikuwa hakina dawa au gari ya wagonjwa haikuja, hilo lipo, lisifunikwe, lakini alibebe baba, alibebe mjomba, sheha aandikiwe barua, sio yeye na sio wiki ile. Kukubali na kukaa kimya ni mambo mawili.

Mkeka: hapa mkono wako unakudanganya

Kuna upande kauli ya kwanza inadhuru nao ni huu wa vijana wanaobeti kwenye simu. Ukimsikiliza anavyoeleza utadhani ni kazi ya kitaalamu, kachambua timu, kaangalia majeruhi, kaacha ile mechi ya tatu kwa sababu anaijua. Mkeka, yaani ile orodha ya mechi alizobeti, ukichanika kwa mechi moja anasema nilikaribia, kesho narekebisha. Ellen Langer, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1975 alionesha jambo hili kwa tiketi za bahati nasibu za dola moja, waliochagua tiketi wenyewe, walipoombwa waziuze, walitaka kwa wastani zaidi ya dola 8, waliopewa tu walitaka kama dola 2. Tiketi zile zile, nafasi ile ile. Kule kuchagua tu kukawafanya waone wameshika kitu.

Kwa hivo kijana wa mkeka ana ujasiri wa mtu wa ndani, na ujasiri huo huo angeupeleka kwenye ufundi ujenzi au duka la simu ungemlipa, lakini kaupeleka mahali ambapo akifanya vizuri na akifanya vibaya mwisho ni mmoja. Kumwambia "jitahidi" ni kumzamisha. Mwambie hapo huna mkono, na umuoneshe hesabu ya mwezi mzima, alizotia na alizotoa, ziandikwe kwenye karatasi moja.

Uanze na lipi basi

Mie ushauri wangu ni wa mpangilio. Likishakufika, uliza kwanza limekwisha au bado linaendelea. Limekwisha kabisa na halirudi, anza na kudra, lia, omba dua, pumzika, na mengine baadae. Bado linaendelea, anza na mkono wako, lakini kwa suala dogo, nikifanya tofauti kesho kutwa itaonekana tofauti? Kama ndio, fanya. Umefanya na umefanya na halionekani, usijipige, hapo pandisha juu, kuna nani kashika mpini, na tupo wangapi wenye tatizo hili? Watu wengi huku kwetu wanaruka hatua hii ya kati, wanatoka kwenye "kosa langu" moja kwa moja wanatua kwenye "imeandikwa", na yule aliyeshika mpini anabaki amekaa kivulini hajatajwa na mtu.

Na habari ya jicho na kurogwa? Simkejeli mtu, nimezaliwa humu humu. Nasema tu kauli ile ina gharama ya aina yake, inachukua tatizo la maji au la bei au la ini inaligeuza kuwa tatizo la jirani, na jirani ndo yule yule uliyekuwa uchange naye ngarawa. Kisomo kisome, hakidhuru kitu, na spitali nenda siku hiyo hiyo.

Aliyekwisha sema "hata nikifanya hakuna"

Huyu hachagui tena, kila kauli kwake ni moja. Mwaka 1967 wanasaikolojia Martin Seligman na Steven Maier walieleza habari ya mbwa waliopigwa shoti ya umeme wasiyoweza kuizima, baadae wakawekwa mahali ambapo kuruka kizuizi kifupi tu kunatosha kuepuka, na wengi wakalala chini wakaipokea. Miaka mingi ikasemwa kwamba wamefunzwa kukata tamaa. Mwaka 2016 wenyewe wawili wakaandika upya, baada ya utafiti wa ubongo, kwamba waliigeuza kinyume, kunyong'onyea mbele ya mateso marefu ndo hali ya mwanzo ya kiumbe, kinachofunzwa ni kujua kwamba unaweza. Mie nikisoma hivo namfikiria kijana wa maskani anayeitwa mvivu kila anapopita mtu. Hakujifunza uvivu, hakupata pa kujifunza lile jengine.

Na kujifunza kwenyewe hakutaki makubwa. Mwaka 1976 Langer huyo huyo na Judith Rodin walikwenda nyumba ya wazee Connecticut, gorofa moja wakawaachia wazee waamue vitu vidogo, siku ya kuangalia sinema, mti wa chungu kila mmoja achague na aumwagilie mwenyewe, gorofa nyengine wakapewa vyote hivo kwa upole lakini wauguzi ndo wanaoamua na kumwagilia. Wale wa kuamua wakawa wachangamfu zaidi na wenye uhai zaidi. Bibi zetu tunawapenda mpaka tunawanyang'anya kila kitu, kanga tunamchagulia, chai tunamtilia sukari kabla hajasema, na anakaa kimya tunasema kazeeka.

Kwa kijana ni hivo hivo lakini kwa pesa. Usimuanzishie na mradi wa mwaka mzima ambao matunda yake yapo kwa mfadhili, wala semina ya siku tatu ya kuambiwa ajiamini. Msimu wa karafuu mpe mkarafuu wake mmoja achume mwenyewe, jioni apime pishi zake mbele ya macho yake na alipwe pale pale, zikiwa nne alipwe nne. Akichuma sita kesho yake, alipwe sita.